Mfuko Uliubadilisha, Tarehe Hukuibadilisha

Shati lililonifundisha kazi hii lilirudi mikononi mwangu ndani ya bahasha, likiwa limekunjwa vizuri na kuambatanishwa na barua fupi ya mnunuzi aliyeomba radhi kwa kulalamika. Mshono wa kwapa la kushoto ulikuwa umeachia. Nililigeuza nje ndani, nikaliweka chini ya taa na kuufuata mshono kwa kidole. Kuanzia kwenye pindo hadi kiunoni ulikwenda sambamba na ukingo wa kitambaa kana kwamba umepigiwa rula. Kutoka kiunoni kwenda juu ulianza kuyumba, ukausogelea ukingo milimita moja, kisha mbili, na ulipofika kwapani, mahali panapovutwa zaidi mkono unapoinuliwa, uzi ulikuwa umeshika nyuzi tatu au nne tu za kitambaa. Urefu wa hatua za sindano ulikuwa uleule juu na chini, na uzi haukuwa umelegea popote. Mashine haikuwa na kosa. Aliyeiendesha alikuwa amechoka.

Wakati huo chapa yangu ya mavazi ilikuwa na umri wa mwaka mmoja na nusu. Niliianzisha kwa nia ambayo hadi leo ninaiheshimu: kutengeneza mashati machache yanayodumu, kwa kitambaa kisichoacha sumu katika ardhi na maji, na yashonwe na watu wanaolipwa ujira unaowatosha kuishi na familia zao. Nilikuwa nimeshughulikia kila jambo nililojua kulishughulikia. Pamba ilikuwa ya kilimo hai, rangi ilikuwa imepimwa, vifungo havikuwa vya plastiki, na karakana iliyotushonea ilikuwa na madirisha makubwa, hewa ya kutosha na milango miwili iliyokuwa wazi muda wote wa kazi. Ilikuwa na mafundi watano, nami niliwafahamu wote kwa majina. Niliamini kwamba mahali penye mambo hayo yote hapawezi kutoka mshono wa namna ile.

Nikamwendea fundi mkuu, mama ambaye ameshona kwa zaidi ya miaka thelathini, nikamwekea shati mezani. Hakuhitaji hata kuvaa miwani. Alipitisha dole gumba juu ya mshono, akasema, “Hili ni la Jumanne usiku.” Nikamwuliza, “Mama, kwa nini hamkuniambia kwamba kazi imewalemea?” Akalikunja shati taratibu, akanitazama kwa upole ulioniuma kuliko karipio. “Mwanangu,” alisema, “mfuko uliubadilisha. Tarehe hukuibadilisha.”

Alichokuwa akinikumbusha ni hiki. Oda ile ilikuwa ya mashati 300, ya kukabidhiwa siku ya Jumatano. Alhamisi iliyotangulia, kitambaa kikiwa kimekwisha kukatwa, nilipeleka ujumbe mfupi nikiomba mfuko mmoja wa kifuani uwe miwili, na kila mfuko uwe na kifuniko. Nilidhani ni jambo dogo, kwa sababu kwenye mchoro lilikuwa jambo dogo kweli, mistari michache ya kalamu. Baadaye nilikaa na fundi mkuu, saa mkononi, tukapima mabadiliko yale yaliongeza nini kwa shati moja, tukapata dakika 11. Dakika 11 kwa mashati 300 ni saa 55 za kazi. Ukizigawa kwa mafundi watano, kila mmoja aliongezewa saa 11, yaani zaidi ya siku nzima ya kazi, ndani ya juma ambalo tayari lilikuwa limejaa hadi pomoni. Walikesha Jumatatu, wakakesha na Jumanne. Hakuna aliyewalazimisha, wala mimi sikuwapo kuona. Tarehe ndiyo iliyowakesheza, na aliyeiandika tarehe ile ni mimi.

Tangu siku hiyo nimekuwa na imani moja inayoongoza mengine yote ninayoyafanya: uadilifu wa chapa ya mavazi hupimwa kwanza kwenye kalenda yake na kwenye siku anayolipwa aliyeshona. Kitambaa kizuri ni wajibu, lakini mtu anaweza kununua jora safi kuliko yote duniani kisha akalikabidhi kwa watu waliokosa usingizi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, nami kwa mwaka na nusu nilikuwa nikipanga tarehe za kitanda nisichokilalia.

Sisemi hayo ili kukidharau kitambaa. Karibu kila anayeanzisha chapa ya namna hii huanzia hapo, nami naona ni sawa, kwa sababu madhara yanayoanzia shambani na kwenye mapipa ya rangi ni makubwa na yanaonekana kwa macho. Bahari ya Aral huko Asia ya Kati, ambayo kwa hakika ni ziwa na ilikuwa ya nne kwa ukubwa miongoni mwa maziwa ya dunia, ilianza kunywea katika miaka ya 1960 baada ya serikali ya Umoja wa Kisovieti kuyaelekeza maji ya mito ya Amu Darya na Syr Darya kwenye mashamba, mengi yakiwa ya pamba. Leo sehemu kubwa ya lile ziwa ni jangwa la chumvi, na vumbi lake hupeperushwa pamoja na mabaki ya viuatilifu. Anayenunua pamba bila kuuliza ilikotoka ana hisa katika mambo kama hayo hata asipoyajua.

Poliesta, iliyobuniwa Uingereza mwaka 1941 na John Rex Whinfield na James Tennant Dickson, haidai shamba wala mvua, lakini hutengenezwa kutokana na mafuta ya petroli, na kila inapofuliwa huachia nyuzi ndogo mno zinazopita katika mifereji hadi baharini. Kinachonisumbua zaidi ni mchanganyiko wa hizo mbili. Pamba iliyofumwa pamoja na poliesta, au iliyoongezewa nyuzi chache za kunyumbulika, ni vigumu sana kuitenganisha nguo inapofikia mwisho wa maisha yake. Na hata pamba tupu inapochakurwa na mashine ili isokotwe upya, nyuzi zake hukatika na kuwa fupi, hivyo uzi unaopatikana huwa dhaifu mpaka uchanganywe na pamba mpya. Kwa sababu hiyo niliamua mashati yetu yawe ya pamba tupu, nikajiona nimemaliza. Sikuwa nimemaliza. Uzi wa kushonea, karibu popote utakapouliza, ni wa poliesta, kwa kuwa uzi wa pamba hukatika kwa wepesi kwenye mashine za kasi. Ndani ya kola kuna kitambaa kigumu kinachogandishwa kwa joto la pasi, na gundi yake si pamba. Lebo ya shingoni nayo mara nyingi ni ya nailoni. Ilinichukua miezi minane kupata uzi wa pamba unaostahimili, na tulipoupata ilibidi mashine zipunguzwe kasi, jambo lililoongeza muda wa kushona. Hivyo uamuzi wa kitambaa ulirudi tena kuwa uamuzi wa saa.

Kuhusu vyeti, nitasema jambo moja nililojifunza kwa hasara. Kiwango cha GOTS, yaani kiwango cha kimataifa cha nguo za kilimo hai, kilichoanza kutumika mwaka 2006, kinataka nguo inayoitwa ya kilimo hai iwe na angalau asilimia 95 ya nyuzi za kilimo hai, na kina ngazi ya chini kwa nguo yenye angalau asilimia 70. Kinafuatilia pia rangi na kemikali zinazotumika viwandani na hali ya wafanyakazi, hivyo ni kiwango kinachofaa kuheshimiwa. Lakini vyeti vyake viko vya aina mbili. Kimoja huthibitisha kwamba kiwanda kina uwezo na ruhusa ya kushughulikia bidhaa za kilimo hai. Kingine huthibitisha kwamba mzigo huu mahususi, wa kilo hizi, uliouzwa na huyu kwa yule, ni wa kilimo hai kweli. Muuzaji mmoja wa vitambaa alinionyesha cha kwanza, kikiwa na mhuri na tarehe isiyopita, nami nikalipa. Miezi mitatu baadaye nilipoomba cha pili, hakikuwapo na hakikuwahi kuwapo. Mzigo ule tuliuuza kama pamba ya kawaida, baada ya kuzitoa lebo mojamoja kwa kisu cha kufumulia mishono. Tangu hapo silipi salio la kitambaa kabla ya kuona karatasi ya mzigo wenyewe.

Rangi nayo ina elimu yake. Mwaka 1856, kijana Mwingereza wa miaka 18 aitwaye William Henry Perkin, akitafuta dawa ya malaria, alipata kwa bahati rangi ya zambarau kutokana na lami ya makaa ya mawe, na kuanzia hapo dunia ikaingia katika zama za rangi za viwandani. Rangi zinazotumika zaidi kwa pamba leo hushikana na nyuzi zenyewe, hivyo hazichuji kwa urahisi, lakini huhitaji chumvi nyingi, na sehemu ya rangi isiyoshika lazima isuuzwe kwa maji mengi ya moto. Ukienda kukagua kiwanda cha kutia rangi, usikae sana kwenye chumba cha maonyesho kutazama vipande vya sampuli. Omba kupelekwa nyuma, uone maji yanatokea wapi, yanapita katika matangi gani, na yana rangi gani yanapotoka nje ya ukuta. Niliwahi kukataliwa kupelekwa huko nyuma, nikaaga kwa heshima na sikurudi. Na asikudanganye mtu kwamba rangi ya mimea haina lawama kwa kuwa ni ya mimea. Ili ishike huhitaji chumvi za madini, na kati ya shabu na kromiamu, ambayo ni sumu, iko tofauti kubwa kwa mikono ya anayeitumbukiza nguo na kwa mto unaopokea maji yake.

Yote haya niliyafanya, au nilijitahidi kuyafanya, kabla ya lile shati kurudi. Nikarudi basi kwenye kalenda.

Aprili 23, 2013, nyufa zilionekana katika jengo la ghorofa nane liitwalo Rana Plaza, huko Savar karibu na Dhaka, Bangladesh. Benki na maduka yaliyokuwa ghorofa za chini yalifungwa. Wafanyakazi wa viwanda vitano vya nguo vilivyokuwa ghorofa za juu waliamriwa kurudi kazini kesho yake asubuhi. Aprili 24 jengo likaporomoka, likaua watu 1,134 na kujeruhi wengine zaidi ya elfu mbili. Nimesoma mengi kuhusu siku zile mbili, na kila ninapozirudia akili yangu hukwama palepale. Wafanyakazi wa benki na wafanyakazi wa cherehani walikuwa chini ya paa moja na waliziona nyufa zilezile, lakini benki haikuwa na kontena linalongojwa bandarini. Zege mbovu, ghorofa zilizoongezwa bila kibali na majenereta yaliyowekwa juu ndivyo vilivyoliangusha jengo. Kilichowafanya watu wawe ndani yake asubuhi ile, kwa sehemu kubwa, ni hofu ya kuchelewesha oda.

Mwezi uliofuata makampuni, mengi yakiwa ya Ulaya, yalisaini na vyama vya wafanyakazi mkataba wa usalama wa majengo na moto, mkataba ulioweza kupelekwa mbele ya sheria, na wakaguzi wakaanza kuingia viwandani. Carry Somers na Orsola de Castro wakaanzisha vuguvugu la Fashion Revolution, lililowafundisha wavaaji kuuliza ni nani aliyetengeneza nguo zao. Ninaamini swali hilo limefanya kazi kubwa. Hata hivyo, mimi niliweza kulijibu vizuri, kwa majina matano, na bado mafundi wangu wakakesha. Ningeulizwa walishona saa ngapi, nisingekuwa na jibu.

Upande wa pili wa kalenda ni malipo, na hapo ndipo aibu yangu ilipokuwa kubwa zaidi. Kwa kawaida ya biashara hii, mwenye chapa hulipa baada ya kupokea mzigo, mara nyingi siku 30, 60 au hata 90 baadaye. Nami, kwa kumfuata kila mtu, nililipa baada ya siku 60, bila kufikiri kwamba umeme wa karakana, uzi, sindano, na mshahara wa mwisho wa mwezi havikuweza kungoja siku 60. Niligundua, kwa kuuliza tu, kwamba mwenye karakana alikuwa akikopa kila mwezi ili aweze kunishonea. Kumbe yeye, mwenye mashine tano na pango la kulipa, ndiye aliyekuwa akinikopesha mimi, na riba alikuwa akiilipa yeye.

Mwaka 2020, maradhi ya UVIKO-19 yalipofunga maduka, dunia iliona desturi hiyo inaishia wapi. Wanunuzi wakubwa walifuta oda ambazo zilikuwa zimekwisha kukatwa, na nyingine zimekwisha kushonwa na kufungwa katika makasha, na kwa kuwa hawakuwa wamelipa chochote, hawakuwa na cha kupoteza. Kamba hukatikia pabovu, na pabovu pa biashara ya nguo ni mtu wa mwisho kulipwa.

Dawa yake haikuhitaji uvumbuzi wangu, kwa sababu watu wa biashara ya haki wameiandika zamani. Miongoni mwa kanuni kumi za Shirika la Biashara ya Haki Duniani, linalofahamika kwa kifupi cha WFTO, imo ya kwamba mnunuzi wa kazi za mikono alipe mapema angalau asilimia 50 ya thamani ya oda, bila riba, pale mtengenezaji anapoomba. Sisi sasa tunalipa nusu siku ya kuweka oda, kabla mkasi haujagusa kitambaa, na nusu iliyobaki siku ya kupokea mzigo, iwe tumeuza au hatujauza. Oda ikifutwa kwa sababu zetu, nusu ya kwanza hairudi.

Sitaficha kwamba uamuzi huo ulitubana. Fedha zilizokuwa zikizunguka mikononi mwangu kwa miezi miwili ziliondoka, na pamoja nazo zikaondoka aina mbili kati ya nne za mashati tuliyokusudia, picha za gharama, na bajeti nzima ya matangazo. Nilipokuwa nikisita, nilipata nguvu katika mfano wa chapa ya viatu ya Veja, iliyoanzishwa Ufaransa katikati ya miaka ya 2000 na Sébastien Kopp na François-Ghislain Morillion, ambao tangu mwanzo walichagua kutolipia matangazo ili fedha hizo ziende kwenye malighafi na kwa wanaotengeneza. Wao walianza na viatu, sisi na mashati, na ukubwa wetu haulingani hata kidogo, lakini hesabu ni ileile: kila kinachotumika kuisifu nguo kimetoka kwenye bei ileile inayomlipa aliyeishona.

Nieleze sasa namna tunavyopanga tarehe, kwa sababu hili ndilo wanaoanza huniuliza mara chache kuliko yote, nami ningetamani waniulize kwanza. Tulishona shati moja mwanzo hadi mwisho, tukiandika dakika za kila hatua: kuunganisha mabega, kutia mikono, kufunga mbavu, kushona kola na ukanda unaoisimamisha, miisho ya mikono, mifuko, vishimo vya vifungo, pindo, pasi. Jumla ikawa dakika 96. Kisha fundi mkuu akanionya kwamba saa moja ya kazi haina dakika 60 za kushona. Uzi hukatika, uzi wa kijaluba cha chini huisha, sindano hukunjika, mtu hunywa maji, hunyoosha mgongo, huenda msalani. Tukapima siku kadhaa, tukaona dakika 50 ndiyo hesabu ya kweli. Hivyo shati moja huchukua karibu saa mbili za saa ya ukutani, na katika juma la saa 48, ambalo ndilo kikomo kilichowekwa na mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1919, fundi mmoja humaliza mashati 25. Mafundi watano humaliza 125. Mashati 300 ni karibu juma mbili na nusu za kushona peke yake, bila kuhesabu kukata, kukagua na kufunga.

Bei nayo huanzia hapohapo. Wengi huanza na bei wanayodhani mnunuzi ataikubali, wakaondoa kitambaa, usafiri, faida ya duka na faida yao, na kinachosalia chini ya chungu ndicho kinachoitwa ujira. Sisi huanza na kiasi ambacho fundi na wanaomtegemea wanahitaji ili wale, wakae, wasome, watibiwe na kuweka akiba kidogo. Kiasi hicho hukigawa kwa saa za halali za mwezi, tukapata thamani ya saa, na shati hulipwa saa zake. Kima cha chini cha kisheria ni kitu kingine, na katika nchi nyingi zinazoshonea dunia kiko mbali na kiasi hicho. Bei ikitoka juu kuliko inavyoweza kuuzika, tunalirudia shati lenyewe: pengine kifuniko cha mfuko hakina kazi, pengine mshono wa ndani unaweza kurahisishwa bila kuudhoofisha. Dakika huweza kupunguzwa kwa akili. Thamani ya dakika haiguswi.

Na mabadiliko? Mchoro hufungwa siku ya kukata. Baada ya hapo, yeyote anayetaka kubadilisha kitu, nikiwemo mimi, huandika mabadiliko na tarehe mpya kwenye karatasi moja, na karatasi hiyo haina nguvu mpaka fundi mkuu atie saini. Mara mbili amekataa. Mara zote mbili nilikasirika kwa siku nzima, na mara zote mbili alikuwa sahihi.

Liko suala la wingi, ambalo wenye chapa hulikwepa kwa sababu linagusa shabaha ya biashara yenyewe. Ijumaa ya Novemba 25, 2011, siku ambayo maduka ya Marekani hupunguza bei ili kuuza kwa wingi, kampuni ya mavazi ya Patagonia ilitoa tangazo katika gazeti la New York Times lililowaambia wasomaji wasilinunue koti lililokuwa kwenye picha, likieleza maji na hewa ukaa iliyogharimu kulitengeneza. Watu hubishana hadi leo kama tangazo lile lilipunguza manunuzi au liliyaongeza. Kwangu lilibakiza swali: ni nguo ngapi tunazotengeneza kwa sababu kiwanda kilituwekea kiwango cha chini cha oda, na si kwa sababu yuko wa kuzivaa? Nguo zisizouzwa huteketezwa au huzikwa, kiasi kwamba Ufaransa ilipitisha sheria mwaka 2020 kuzuia uharibifu wa bidhaa ambazo hazikuuzwa. Tulikubaliana na karakana kwamba oda zetu ziwe ndogo na zirudiwe mara kwa mara, mashati 100 au 150, badala ya mzigo mkubwa mmoja. Gharama ya kila shati ilipanda kidogo kwa sababu ya kukata mara nyingi. Lakini mafundi walipata kitu ambacho sikukitarajia, yaani kazi inayojulikana mapema kwa miezi sita mbele, bila msimu wa kukesha na msimu wa kukaa bure.

Kuhusu maneno tunayoyaandika kwenye lebo, nimekuwa mwoga, na nadhani woga huo ni wa haki. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2024 sheria inayopiga marufuku madai ya jumla ya mazingira yasiyo na uthibitisho, pamoja na nembo za uendelevu zisizotegemea mfumo wa uthibitishaji au mamlaka ya umma, na utekelezaji wake ulipangwa kuanza Septemba 27, 2026. Lakini hata bila sheria, neno “endelevu” limekuwa zito mno kubebwa na shati. Lebo yetu ya ndani ina mistari mitatu: aina na asilimia ya nyuzi, mkiwemo uzi wa kushonea na kola, namba ya mzigo wa pamba ambayo mnunuzi anaweza kutuuliza cheti chake, na dakika 96. Mara kwa mara mtu hutuandikia kuuliza dakika hizo ni za nini, na barua za namna hiyo huzijibu mwenyewe.

Majuma machache yaliyopita mnunuzi wa duka kubwa aliomba mashati 500 kwa majuma manne. Ingekuwa oda kubwa kuliko zote tulizowahi kupata. Nilikwenda karakanani siku hiyohiyo, na fundi mkuu akachukua chaki, akaandika juu ya meza ya kukatia: 500, kisha 125, kisha 4. Akaongeza juma la kukata, akaongeza mashati 150 yaliyokuwa tayari kazini, akaongeza juma moja la kukagua, kufunga na dharura, maana fundi mmoja alikuwa na mtoto mgonjwa. Akazungushia duara namba 7 na siku chache. “Nane,” alisema, “ili tulale.” Niliandika majuma manane na kutuma. Jibu lilikuja kabla ya jioni, la adabu, la mistari miwili, likitushukuru kwa muda wetu.

Nilimsomea. Alisikiliza akiwa amesimama, akaifuta hesabu ya chaki kwa kiganja, akatandaza juu ya meza kitambaa cha yale mashati 150 ambacho kilikuwa hakijamalizika kukatwa, akaniomba nimshikie ukingo wa upande wa pili usije ukaenda mshazari.